Mashine mbili za kopi na siku ya shilingi 3,000

Ndugu Mshauri,

Nakuamkia kwa heshima, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 48, mkazi wa Morogoro, na tangu mwaka 2009 nina steshenari jirani na chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nilianza na kompyuta moja iliyotumika, printa ndogo na mashine ya kopi niliyoinunua Kariakoo kwa fungu langu la mirathi ya baba, ambaye enzi zake alikuwa mchapaji katika ofisi ya serikali. Taipureta yake ya chuma bado iko kwenye rafu yangu ya juu, na watoto wa shule hupenda kuja kuibonyeza.

Kwa miaka ile biashara ilinipa heshima. Mhadhiri alikuwa anaacha kwangu nakala moja ya makala asubuhi, na kabla jua halijazama darasa zima limeshapita kutoa kopi. Msimu wa mitihani tulikuwa tunamaliza rimu tano kwa siku, na fundi wa mashine alikuwa kama mtu wa nyumbani. Mwaka 2015 nikaongeza mashine ya pili.

Kupungua kulikuja taratibu, nami nikadhani ni hali ya uchumi tu. Zilitangulia kupotea karatasi za benki: zamani mwanafunzi akilipa ada alikuwa anakuja kutoa kopi tatu za stakabadhi, lakini tangu malipo yahamie kwenye zile kontrol namba, analipa kwa simu na hana karatasi ya kunakili. Makala za wahadhiri nazo zikahamia kwenye makundi ya WhatsApp, kisha chuo kikaanza kupokea kazi za wanafunzi kwa mtandao. Kazi ya kuchapa, ambayo ndiyo iliyosomesha wanangu wawili, imekufa kabisa, kwa sababu kijana sasa anaiambia simu yake imwandikie barua, na inaandika kabla mimi sijawasha kompyuta.

Leo mauzo yangu, nikijumlisha kila kitu, ni wastani wa shilingi 28,000 kwa siku, na nafungua siku 26 kwa mwezi. Karatasi na bidhaa za dukani hunichukulia 190,000, tona na fundi 90,000, umeme na bando 70,000, fremu 150,000, na binti anayenisaidia namlipa 150,000. Mashine ya pili haijawashwa tangu mwaka jana.

Nyumbani kuna maoni mawili. Mtoto wa kaka yangu, ambaye amesoma masuala ya biashara, ananishauri nikope shilingi milioni 12 ninunue mashine ya kuchapa mabango, nirejeshe 620,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Anasema dunia imebadilika na asiyewekeza anaachwa. Baba watoto anasema nifunge, nifuge kuku wa mayai. Mimi binafsi, nikuambie ukweli, nimechoka kujifunza. Kila nikizoea mfumo mmoja, nakuta ukurasa umebadilishwa na vitufe vimehama, na mwanafunzi aliyesimama mbele yangu ananitazama kama niliyepitwa na wakati.

Si kwamba nakosa watu. Fremu inajaa, hasa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ambapo mwaka jana nilihesabu vijana zaidi ya 60 niliowajazia fomu, siku nyingine hadi saa tatu usiku. Wengine huja na mambo ya vitambulisho vya taifa vya NIDA, ya ajira, ya leseni. Lakini hao hawaleti pesa, wanalipia karatasi walizotoa tu, kwa kawaida kama shilingi 2,000 kwa fomu nzima. Mmoja wao jina la cheti chake cha kuzaliwa lilikuwa na herufi moja tofauti na cheti cha kidato cha nne, nikaliona, nikamtuma kwa wakili kwanza. Mkopo alipata, na mama yake aliniletea ndizi.

Kodi ya fremu hulipwa kwa miezi sita na inaisha mwishoni mwa mwezi ujao. Je, nikope, nifunge, au nivumilie? Na taipureta ya baba, kuna kijana wa chuma chakavu ametoa 15,000, nimpe?

Mama wa Kopi, Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu, kwa kuwa umri nimekuzidi kwa zaidi ya muongo mmoja.

Nianze na hesabu, kwa sababu umeiandika vizuri kuliko wengi wanaoniletea barua, ila hukuimaliza. Mauzo ya shilingi 28,000 kwa siku 26 ni 728,000. Matumizi uliyoyaorodhesha yanafika 650,000. Zinabaki 78,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila siku unayofungua mlango, kabla hujalipa kodi ya mapato na kabla hujanunua chakula chako cha mchana. Binti unayemwajiri anakushinda kipato karibu mara mbili. Chaguo la kuvumilia, basi, tuliondoe kwenye orodha, kwa sababu hali hii ikiendelea miezi sita mingine utakuwa umetumia akiba yako kuwahudumia watu usiowatoza.

Pendekezo la mtoto wa kaka yako nalo lipite kwenye kikokotoo hicho hicho. Marejesho ya 620,000 kwa mwezi, ukiyagawa kwa siku 26, ni karibu shilingi 24,000 kila siku, ambazo zinakaribia mauzo yako yote ya sasa, na hapo hujanunua wino, hujanunua turubai la bango, hujamlipa fundi. Kwa miezi 24 utakuwa umerudisha milioni 14 na laki 8 na 80,000. Kijana hana nia mbaya, na ni kweli kuna watu mjini wanaoishi kwa mabango, lakini biashara hiyo ina wateja wake wa harusi, wa siasa na wa makampuni, ambao wewe huwajui na wao hawakujui, na waliotangulia walishanunua mashine zao na kulipa madeni. Kukopa ili uingie katika kazi usiyoijua, kwa kuwa kazi unayoijua imepungua, ni kuhamisha tatizo kutoka dukani kwenda kwa mkopeshaji. Na kama mtu atakushawishi upunguze makali kwa mikopo midogo ya simuni, kumbuka kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali chake. Usiweke namba yako ya NIDA kwenye programu yoyote ya mkopo kabla hujahakikisha kwamba mwenye programu hiyo ana leseni.

Kuhusu kuku wa baba watoto sitasema mengi. Kuku wa mayai wanataka chakula kila siku, wanataka chanjo na wanataka soko, na wewe hujaandika popote kwamba unaipenda kazi hiyo.

Sasa nije kwenye aya yako moja niliyoisoma mara tatu, ile uliyoianza kwa kusema kwamba hukosi watu. Umeiandika kama malalamiko, lakini mimi nimeiona kama hesabu ambayo haijafanywa. Vijana 60 walikaa mbele yako, kila mmoja akakulipa wastani wa shilingi 2,000, na msimu mzima ukakuletea 120,000. Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mwombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hulipa Bodi ada ya maombi ya shilingi 30,000, cheti chake cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hujaza taarifa zake mtandaoni, huchapisha fomu, huipeleka kusainiwa na mdhamini na kiongozi wa serikali ya mtaa, kisha kurasa zilizosainiwa huskaniwa na kupakiwa tena kwenye mfumo. Katika safari hiyo yote, jambo linalomwangusha mtoto wa mkulima ni herufi moja kwenye jina, au picha iliyoskaniwa ikiwa imefifia, au ukurasa uliopakiwa mahali pasipo pake. Wewe uliiona herufi hiyo. Simu ya yule kijana, pamoja na akili mnemba yake yote, isingeiona, kwa sababu hakuna aliyeiwekea vyeti vile viwili kimoja kando ya kingine mezani. Kazi yako hiyo ililipwa kwa mkungu wa ndizi, au labda chana moja, hukusema.

Kinachokuumiza, kwa maoni yangu, ni kwamba tangu mwaka 2009 umezoea kutoza karatasi. Zamani haikuwa na madhara, kwani karatasi zilikuwa nyingi, na ushauri uliotoa bure juu yake ulifichwa ndani ya bei ya kopi. Mabadiliko yameondoa karatasi na kuuacha ushauri peke yake kaunta, hauna bei. Serikali na vyuo havikupunguza masharti vilipohamia mtandaoni. Leseni za biashara za halmashauri sasa huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, majina ya biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao, maombi ya pasipoti huanzia mtandaoni, ajira serikalini hupitia Ajira Portal, na kila mfumo una nywila yake, aina yake ya faili na tarehe yake ya kufunga dirisha. Mwenye bodaboda, mama wa mgahawa na mzazi aliyetoka Kilosa na bahasha ya vyeti hawana muda wala uzoefu wa kupambana na mifumo hiyo kwenye kioo cha simu chenye ufa.

Kwa hiyo andika bei. Namaanisha uandike kwenye karatasi, uilaminishe mwenyewe, uibandike ukutani mahali mtu anapoingia: kukamilisha maombi ya mkopo, pamoja na ukaguzi wa majina na kuskani, 10,000, kufungua akaunti ya maombi ya kazi na kupanga vyeti vyote, kiasi utakachoona, leseni, kadhalika. Vijana wale wale 60 wangekuachia 600,000 badala ya 120,000, na muda wako wa hadi saa tatu usiku ungekuwa na maana. Utaona aibu wiki mbili za kwanza, hasa kwa watoto wa majirani. Wapo utakaowasamehe, na iwe hivyo, lakini wasamehe ukijua bei uliyosamehe, na uiandike daftarini. Usitoze kwa ahadi ya matokeo, maana mkopo hautolewi na wewe wala kazi haitolewi na wewe. Unatoza umakini wa kujaza, basi.

Hapa kuna jambo ambalo nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko bei. Mtu anayekuletea vyeti anakukabidhi maisha yake: namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, wakati mwingine na nywila ya barua pepe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haijasema kwamba steshenari ndogo haiihusu. Nenda kwenye tovuti ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi usome masharti ya usajili. Wakati huo huo fungua kompyuta yako jioni hii, na naamini utakuta kwenye kioo chake vyeti vya watu wa mwaka juzi, vimekaa wazi kwa yeyote anayechomeka flashi. Vifute. Weka utaratibu kwamba kila jioni, kabla ya kuzima umeme, faili za wateja wa siku hiyo zinafutwa au zinarudishwa kwa mwenyewe. Mteja aandike nywila yake kwa mkono wake, na hapo ugeuze uso.

Kuna kosa moja la steshenari ambalo limewatesa vijana wengi, nami nalilaani kila nikipata nafasi: mhudumu anafungua akaunti ya mteja kwa barua pepe ya dukani na namba yake mwenyewe, ili kuharakisha. Mwaka mmoja baadaye kijana anaitwa kwenye usaili, hawezi kuingia, ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwenye simu ya binti aliyeshaacha kazi na kuhamia Ifakara. Kwako akaunti zote ziwe kwa namba na barua pepe ya mwenyewe, hata kama itabidi umfungulie kwanza barua pepe hiyo na kumwandikia kwenye kikadi aende nacho. Vivyo hivyo, hati za kiapo na mikataba ni kazi ya wakili. Ulimtuma yule kijana mahali sahihi, na ni vyema uwe na wakili mmoja wa jirani unayempelekea watu. Akija mtu anayetaka ubadilishe alama kwenye cheti chake "kidogo tu", mwonyeshe mlango. Huyo mmoja angeweza kukufungia duka kwa makosa ya kughushi.

Umesema umechoka kujifunza, na sikulaumu. Lakini tofautisha mambo mawili ambayo katika barua yako umeyachanganya. Vitufe kuhama ni usumbufu, na kazi ya kuvifukuza mpe binti, ambaye kwa umri wake hilo halimchoshi. Kujua kwamba jina la katikati likikosekana kwenye cheti kimoja kuna shida inakuja, kwamba mtendaji wa mtaa hasaini bila kumwona mdhamini, kwamba mfanyabiashara mdogo hulipa kodi ya mapato kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kwa hiyo wiki hizo atakuja akiwa na haraka, hayo unayo wewe na hayahami. Mkae wawili mbele ya kompyuta moja, yeye kwenye kipanya na wewe kwenye vyeti. Na mshahara wake uutazame upya: badala ya kumpandishia, mpe sehemu ya ada ya kila fomu iliyokamilika bila kurudishwa. Atakuwa wa kwanza kusoma matangazo ya madirisha yanapofunguliwa.

Hata hiyo akili mnemba iliyokunyang'anya kazi ya kuchapa iite kwenye meza yako. Itumie kuandaa rasimu ya barua ya maombi, kisha isome kwa sauti pamoja na mteja. Mimi mwenyewe nimewahi kuletewa barua ya kijana aliyekuwa tayari kuituma, ikiwa nzuri ajabu, na katika mstari wa mwisho kulikuwa na mabano yenye maneno ya Kiingereza yakimwelekeza aandike jina lake hapo. Hakuwa ameandika. Kusoma barua kabla haijaondoka ni huduma, na inauzika.

Mashine ya pili iuze sasa, wakati bado inawaka, kwa mtu aliye karibu na shule ambazo bado zinachapisha mitihani. Mashine ya kopi iliyosimama inaliwa na vumbi na panya, na kila mwezi bei yake inashuka. Fedha hizo zisiingie kwenye matumizi ya nyumbani. Nunua skana nzuri ya kuingiza karatasi nyingi kwa mpigo, na zinazobaki ziwe kinga ya miezi ambayo hakuna dirisha lililo wazi, kwa sababu kazi hii ina misimu kama kilimo, na Februari si Julai.

Kwa mwenye fremu, usilipe miezi sita. Nenda kabla ya mwisho wa mwezi, umweleze hali, uombe miezi mitatu. Akikataa, tafuta wakala wa fedha za simu akae nawe, achukue nusu ya kaunta na nusu ya kodi. Wateja wako wanalipia kontrol namba hapo hapo, na wake wanakuja na maswali ambayo ni mkate wako. Ningependelea hilo hata kama mwenye fremu atakubali.

Nisikudanganye kwamba umefika. Mifumo hii nayo inarahisishwa mwaka hadi mwaka, na watoto wanaozaliwa wakishika simu watajaza fomu zao wenyewe. Huenda una miaka mitano, huenda pungufu. Ndiyo maana nimekushauri usikope milioni 12, usifunge mkataba mrefu wa pango, na usinunue kitu ambacho hakilipi gharama yake ndani ya msimu mmoja. Ukija kuhitaji mtaji baadaye, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ilisitishwa Aprili 2023 na ikarejea mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo deni la mwenzako ni lako pia. Chagua watu unaowajua tabia zao.

Kwa siku 30 kuanzia kesho, weka daftari kaunta na uandike kila swali unaloulizwa, hata lile unalolijibu kwa neno moja huku ukihesabu chenji. Siku ya 30 yapange kwa wingi, na matano ya juu yapate bei ukutani.

Taipureta usimpe mtu wa chuma chakavu. Shilingi 15,000 ni siku tano za faida yako ya sasa na ni fomu moja na nusu ya bei mpya, na rafu ya juu mwenye fremu haitozi kodi.